Ombi la Kuvunja Bima ya Ndege ya Mume Wangu

Butembo, Jumanne asubuhi

Bwana Directeur,

Mimi ni Virginie Kyakimwa, muuza viazi, bibi halali wa Jephté Kambasu, yule wa vipuri vya pikipiki. Nakusalimu kwa heshima inayotosha cheo chako. Ile inayokutosha wewe mwenyewe utaipima kisha kusoma.

Bureau yako imekubali kuweka bima kwa ndege ya mume wangu. Naomba muivunje leo. Sababu zangu ni hizi:

1. Ndege hiyo haikutoka kiwandani ikiwa nzima. Ilipitia mpaka wa Kasindi ndani ya masanduku saba, pamoja na kitabu cha Kiingereza, lugha ambayo Jephté haijui. Akaiunganisha kwa miaka mitatu ndani ya depo yangu ya viazi, akiangalia picha. Huyu ndiye mutu aliyeweka mlango wa choo chetu, na mlango ule unafungukia ndani, hata aliyeingia lazima asimame juu ya tundu kusudi aufunge. Monsieur Benoît, wakala wenu, alikuja kuikagua. Aligonga bawa kwa kidole kama anayechagua nanasi, akasema, "Ça va, iko solide, iko nguvu," akapiga muhuri.

2. Mkataba wenu unaamuru ndege ilale pakavu. Basi, inalala pakavu. Viazi vyangu vya Masereka vilitolewa nje, vikanyeshewa, vikaoza. Mama mkwe wangu ana miaka themanini na nyumba yake inavuja. Sijaona kipengele chochote kinachomhusu.

3. Mume wangu anajisifu kwamba ndege inakimbia kilometa mia tatu kwa saa. Mais, anakimbilia wapi? Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kufika misani kabla ya Injili.

4. Hili ndilo kubwa. Binti yetu Keren alizaa huko Beni, mtaa wa Mulekera. Miezi minane sikumwona mjukuu wangu kwa sababu ya barabara ile ya Beni, ambako magari yanaviziwa. Unaijua, hata ninyi mlikataa kuweka bima kwa lori la viazi linaloipita. Jumamosi Jephté akaniambia, "Mama Keren, panda tu. Dakika kumi na tano tuko Beni, uwanja wa Mavivi." Nikapanda, rozari mkononi.

Hatujapita Kalunguta, katikati ya njia, upepo ukatutikisa. Pilote wenu, Jephté, akageuka rangi ya fufu ya muhogo. "Mama Keren, kamata hapa! Hapana achilia!" Kisha akainama, akatapika ndani ya kitenge changu kipya. Nikakamata usukani. Hakuna aliyenifundisha. Ndege ilivuta kushoto kama mbuzi anayepelekwa sokoni, nami nikairudisha polepole, nikimwita kila mtakatifu niliyemkumbuka. Niliishika mpaka tulipoona uwanja. Hapo akapangusa mdomo, akaichukua tena, akatua mara tatu katika kutua kumoja. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia watu wa Mavivi, "Nimeipeleka muzuri."

Mulekera nilimpakata mtoto. Alinishika pua, hakulia. Nikalia mimi. Lakini machozi yangu hayahusu bureau yako.

5. Kipengele cha tisa cha mkataba kinasema abiria asiguse usukani. Nimegusa. Donc, kwa sheria yenu wenyewe, mkataba ule umekwisha kufa tangu Jumamosi, na ninyi bado mnaulinda kama mzima. Nawaomba mfanye kazi moja tu, muuzike.

Salamu kwa bibi yako na watoto, kwa makarani wote wa bureau, hata kwa mlinzi wa lango aliyeniacha jana nimesimama juani asubuhi nzima. Mungu awape usingizi mwepesi kuliko wangu.

Ni mimi, nikiwa bado hai,

Virginie Kyakimwa, Mama Keren

N.B. Msivunje chochote kabla Jumapili ijayo haijapita: mtoto anabatizwa huko Beni, na barabara ni ileile. Tafadhali nitumieni pia formulaire, ile karatasi ya kujaza, ya pilote wa pili. Wakati wa kurudi Jephté aliirusha tu na kuishusha. Kati ya hapo niliipeleka mimi, yeye akikamata mfuko wa plastiki kwa mikono miwili. Pale mnapouliza muda wa kuruka, niandike dakika ishirini na mbili, kwenda na kurudi, ao mnahesabu hata zile nilizokuwa nimefunga macho?