Madigadi ya Barnabas

Ishaq alikuwa Ndia Kuu akitafuta mtu atakayemwamini yeye, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, aliposikia nyundo ikigonga bati ndani ya kichochoro. Akachungulia. Uani kwa Bi Mwanakuu, mpangaji wake Kitsao alikuwa akipiga ubavu wa gari ambalo halikupata kutoka kiwanda chochote: pua ya Datsun, kiuno cha mabati ya mapipa, na magurudumu membamba kama ya mkokoteni wa mikate.

"Masalkheri, fundi. Mashaallah! Hili ni lako?"

"La marehemu kaka yangu, Barnabas. Alilianza yeye, mimi namalizia. Likitoka, nitampeleka mama kanisani nalo."

Ishaq akatoa huzuni aliyokuwa nayo tayari, kama mtu atoaye leso mfukoni. Jioni ileile alikuwa Mbaraki kwa Zein, mwuza magari, akinadi gari lisilo lake.

Zein akaomba siku moja ya kufikiri. Kesho yake akatoa sharti. "Nalitaka, lakini si kwa magurudumu yale. Tia mapana, na madigadi yaliyotuna juu ya tairi. Ukilileta hivyo, nalipa."

Ishaq hakuwa na magurudumu. Alikuwa na friji, nayo si yake. Ni ya mkewe Nabiha, aliyekuwa akiwauzia barafu watoto wa Buxton. Friji ikaondoka "kwenda kutengenezwa", ikageuka magurudumu manne meusi, manene, ya kutamanisha.

"Zawadi," akamwambia Kitsao. "Kwa ajili ya Barnabas. Nami nataka jambo moja tu: siku ya kwanza niliendeshe mimi, mpaka Ndia Kuu na kurudi."

Kitsao akamtazama Bi Mwanakuu, aliyekuwa akichagua mchele.

"Mpe, mwanangu," akasema Bi Mwanakuu bila kuinua uso. "Kajitolea mno huyu."

Kitsao akakata madigadi ya zamani, akafua mapya, akayafunga kwa skrubu. Ishaq akasimamia, mikono kiunoni.

"Yatune zaidi! Kwani Barnabas alikuwa mtu wa kujibana?"

"La," Kitsao akajibu taratibu. "Alikuwa mnene." Akayatunisha.

Siku ya siku, Ishaq akaingia garini, akaaga kwa heshima zote, akavuka lango la ua na kukanyaga mafuta, moyo wake umeshafika Mbaraki.

Lakini katika kichochoro kile mna mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana, na hakuna hata moja lililokuwa na habari ya safari yake. Gari likalia kama sufuria inayokwanguliwa, likanasa. Mbele haliendi, nyuma haliendi.

Bi Mwanakuu akaja na birika, akaketi barazani, uso kwa uso na dirisha.

"Kahawa, mwanangu?"

"Bibi, milango haifunguki!"

"Naona. Zein wa Mbaraki wamjua?"

"Zein gani?"

"Mwana wa dada yangu. Alikuja kuniamkia, akanambia kuna bwana auza gari la Kitsao. Nikamwambia, mdai magurudumu mapana kwanza, na madigadi yaliyotuna. Kitsao mwenyewe hakuwa na uwezo nayo."

Ishaq akatokea nyuma, mahali ambapo kioo kilikuwa hakijatiwa, makalio yakitangulia, mbele ya majirani waliokuwa wamekwisha kuleta viti. Kiatu kimoja kikabaki ndani. Hakurudi kukidai.

Kitsao akafungua skrubu, akayapunguza madigadi. Yakabaki mapana, ila sasa yana adabu.

Jumapili, Ishaq alikuwa mlangoni kwake Buxton akinywa maji ya uvuguvugu, Nabiha akimwuliza tena friji itapona lini. Gari likapita, mama yake Kitsao ameketi mbele na kitambaa chake cha kanisani, mkono juu ya bati kama anayempapasa mtu begani. Likapunguza mwendo. Kiatu kikarushwa dirishani, kikatua miguuni pa Ishaq.

"Barnabas akushukuru!" Kitsao akapaza sauti.

"Barnabas ni nani?" akauliza Nabiha. "Ndiye fundi wa friji?"

Ishaq akainama, akavaa kiatu chake.

"Ndiye," akasema.