Mume Wangu Hataki Mswaki

Jumapili, 2 Juni

Mume wangu hajaletwa leo pia. Namaanisha mjukuu wangu, maana wa kwanza alishatangulia mbele ya haki, na huyu wa pili ana meno ya mbele tu na anatembea kama mlevi. Baada ya ibada nilikaa mlangoni na nguo yangu nzuri mpaka kivuli cha nyumba kikafika barabarani. Hakuna. Nikawasha redio nipate mtu wa kubishana naye.

Kisa ni asali. Mke wa mwanangu aliinusa kwenye chuchu ya mpira ya mtoto. Tone tu! Mtoto alikuwa analia, nifanye nini, nimhubirie? Mkwe akasema, kwa upole ule ambao ni heri angefoka, kwamba mama, meno ya mtoto huoza yangali machanga. Mwanangu alisimama katikati yetu akikagua dari. Baba yake alikuwa hivyo hivyo.

Sasa jambo lenyewe. Wiki ijayo Mkwe anasafiri kwa mafunzo ya kazi, na mwanangu ana zamu za kutwa. Mtoto atakaa kwa bibi mmoja wiki nzima. Wiki nzima! Ama kwangu, ama kwa mama yake Mkwe. Huyo namwita Bibi Glavu, maana huvaa glavu hata kumenya kitunguu. Wataamua Jumamosi.

Ee Mungu, unajua sijawahi kukuomba gari.

Jumanne, 4 Juni

Nina mpango. Anayejua meno ndiye atakayepewa mtoto. Mimi meno siyajui, shuleni tuliishia kwenye sehemu za ua. Basi niende kwa daktari wa meno, nijifanye naumwa, nimchimbe kila anachojua kuhusu watoto. Jumamosi nimwage yote mbele ya Mkwe.

Nilifunika cherehani mapema. Sketi za shule zimerundikana mpaka dirishani, na mteja mmoja akaniuliza kama binti yake aende darasani amevaa gazeti. Nikashika shavu nikamwambia naumwa jino. Yakawa mazoezi.

Daktari mwenyewe ni binti, angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Mpole kweli. Nikawa naachama, na kila alipotoa kioo chake nikauliza swali. Akajibu yote, masikini. Kumbe ufizi wa mtoto hufutwa kwa kitambaa safi chenye maji hata kabla jino halijatoka! Likichomoza la kwanza, mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, na dawa ya meno isizidi punje ya mchele. Asilale na chupa ya maziwa mdomoni. Nisilambe kijiko chake kisha nimlishe nacho. Na aletwe kwa daktari kabla hajatimiza mwaka. Hapo nikauliza anakuja kufanya nini, kusoma magazeti? Akacheka, akasema anakuja kukizoea kiti.

Nimeshika yote moyoni, nainuka zangu, akanikalisha. Akasema jino langu la juu, la pili kutoka katikati, limekufa siku nyingi, na amefurahi nimekuja kabla halijamharibu jirani yake. Akauliza linaniuma tangu lini.

Ningesema nini? Kwamba nimedanganya, mimi, mama wa kwaya? Nikasema tangu Jumapili.

Sindano. Ganzi. Sauti kama mlango unang'olewa. Nilikwenda kuchimba, nikachimbwa.

Alhamisi, 6 Juni

Mdomo umevimba. Herufi "s" zinatoka na upepo. Lakini mteja wa sketi aliponiona alishusha sauti akasema pole mama, hakuna haraka. Kila kitu kina faida yake.

Maneno matupu hayatoshi. Nitakwenda na mfano. Kutokana na mabaki ya vitambaa vya sare nimeshona mwanasesere, kinywa chekundu kipana, meno ya vifungo vyeupe vya shati. Nimempiga mswaki asubuhi na jioni. Hasumbui.

Mchana nikajikuta nimemfunga mgongoni kwa shuka huku nashona. Sijui ilianzaje. Jirani akachungulia kuomba uzi mweusi, akauliza kama mgeni wangu amefika. Nikasema hapana, hii ni kazi ya mteja. Akatazama mgongo wangu, akaondoka bila uzi.

Alikuwa mwepesi mno. Nikamfumua tumbo, nikamshindilia vitambaa zaidi. Bado mwepesi.

Jumamosi, 8 Juni

Kwa mwanangu nilimkuta Bibi Glavu keshafika, amekalia kiti kilicho karibu na mtoto. Mume wangu akaniona, akautazama mdomo wangu, akakimbilia miguu ya baba yake. Miezi yote hii namsubiri, ananikimbia kama polisi.

Nikajikaza. Nikamtoa mwanasesere, nikahutubia. Kitambaa, punje ya mchele, chupa, kijiko. Mkwe akaweka simu chini! Mwanangu akanitazama kama vile nimepata cheo. Bibi Glavu akasema mbona hayo yanajulikana. Nikamjibu, mkwe mwenzangu, kama yanajulikana, mwanasesere wako yuko wapi?

Mume wangu akamnyakua mwanasesere akamkumbatia, akambusu mdomoni. Sote tukasema "aaa". Alipoinua kichwa, kinywa cha mwanasesere kilikuwa na pengo kama langu.

Mkwe akapiga kelele. Mwanangu akawa anatafuta chini ya kochi. Mtoto mwenyewe anacheka, shavu limetuna. Bibi Glavu akamfungua mdomo, akakiona kifungo kilipo, akakitoa taratibu kwa kidole. Glavu alikuwa nazo, bila shaka. Kisha akasema ngojeni, humu nyuma kuna gego jipya.

Wakajazana wote kuchungulia. Mkwe analia na kucheka. Gego la kwanza la mjukuu wangu, na aliyeliona ni glavu! Nikasema kwa adabu kabisa kwamba bila kifungo changu lisingeonekana.

Mtoto anakwenda kwa Bibi Glavu. Mwanasesere nimerudi naye.

Jumanne, 11 Juni

Sketi zote zimekwisha. Pindo moja nimelifumua nikalishona upya, cherehani isinyamaze. Kuna alama ya mkono wake kwenye kioo cha kabati, ya siku ile alipokula ndizi. Kioo nakipangusa kila siku, pale napapita kando.

Asubuhi niliona ni wajibu kumwombea Bibi Glavu afya. Nikamwombea. Afya ya wastani.

Jioni simu ikalia. Yeye mwenyewe! Akazunguka kwanza, akauliza kama kwangu pia kuna joto. Sisi tunakaa mji mmoja. Mwisho akasema, dada, mtoto hataki mswaki. Amefumba mdomo tangu jana. Ameuma glavu mbili zikatoboka. Na Mkwe anapiga simu kila jioni kuuliza kama meno yamesafishwa, naye Bibi Glavu ni mtu asiyeweza kusema uongo. Nikamwambia mimi pia, nakuja.

Mume wangu alikuwa amesimama kitandani, machozi na kamasi. Akalitazama pengo langu. Safari hii hakukimbia. Akasogea, akaingiza kidole pale pale, akazungusha. Nikaachama kabisa, aaa. Naye akaachama kabisa, aaa, analitafuta la kwake. Bibi Glavu akapitisha mswaki, juu, chini, mpaka kwenye lile gego la nyuma. Kazi ikaisha kabla hajagundua.

Akalala kifuani kwangu ananukia dawa ya meno. Ule uzito! Mkono ukafa ganzi, sikuuondoa. Bibi Glavu akaniletea mto. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nimeyatunza tangu Jumamosi. Yakanipotea.

Jumamosi, 15 Juni

Wiki hii nimekuwa mtu mwenye kazi mbili. Asubuhi naachama, nakwenda kushona, jioni narudi kuachama. Bibi Glavu amenitengea kikombe changu. Si mtu mbaya. Ana mikono laini sana, sasa nimejua sababu.

Leo akasema habari njema. Mtoto akiuona mswaki tu, anafungua mdomo mwenyewe, hata nisipoachama. Tumefanya kazi nzuri, dada, akasema. Kesho Mkwe akirudi ataendelea mwenyewe, hatamhitaji mtu.

Hatamhitaji mtu! Nilicheka naye, lakini chai ilipita pabaya. Yaani nirudi kwa redio.

Alipotoka kwenda kuanika glavu, nikamfundisha mume wangu mchezo mpya. Mswaki ukija, tunafumba. Midomo inaingia ndani, kabisa, mpaka haionekani. Anayefumba vizuri anapigwa busu shavuni. Alielewa mara moja. Akili hizo hakuzipata upande wa pili.

Jumapili, 16 Juni

Mkwe amerudi, amemchukua. Alinishukuru kwa mikono miwili, akasema mama, umeniokoa, akanipa kitambaa kizuri cha zawadi. Niliona haya kidogo. Ikapita.

Jua limezama. Kule kwao sasa mtoto keshaoga, keshakula, Mkwe anakamua dawa ya meno, punje moja ya mchele. Nimezima redio ili nisikie vizuri. Simu iko mapajani, sauti nimeifungua yote.

Viatu nimeshavaa.