Nirudishieni Mke Wangu Asiye na Uzamili

Karakana ya Useremala,
Kizota, Dodoma.

Ndugu Mkuu wa Kozi ya Uzamili ya Elimu ya Awali,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Lameck, seremala, mume wa mwanafunzi wenu Restuta, mwalimu wa chekechea. Mlipompokea kwa masomo ya wikendi nilifurahi, nikawatangazia majirani. Nilijua mtamfundisha kutuliza watoto. Hakuna aliyenidokeza kwamba mazoezi atayafanyia kwa mume. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mwezi uliopita binti yetu Brightness, wa miaka minne, alimwaga vanishi kwenye kabati la mteja, akaipaka kwa viganja vyote viwili. Mteja mwenyewe, afisa wa wizara, alikuwa amesimama pale pale. Nikaanza kufungua mkanda. Restuta akaja mbio. Inaonekana mnawafundisha kwamba mtu mwenye hasira huzungumzwa naye macho kwa macho. Na kwa kuwa mimi ni mrefu, akapanda kwenye stuli. Akasema kwa ile sauti yake ya darasani, "Baba Brightness, naona umekasirika. Kukasirika si vibaya. Tuvute pumzi pamoja."

Nikavuta. Ningefanyaje? Mteja naye akavuta. Kisha akachukua msasa, akasugua kabati lake pamoja na Brightness huku wakicheka, na habari hii ameisimulia ofisi nzima. Siku hizi wateja wakifika hawaniulizi bei ya kitanda. Wananiuliza kama nimeshapumua.

2. Nilimwita mama yangu, Loisi, kutoka Kongwa, aje amrudishe mkwewe kwenye mstari. Alishuka kwenye basi amekunja uso, kama nilivyomwomba. Restuta akamwamkia shikamoo, akamkaribisha, akamwambia, "Mama, kozini tunakusanya nyimbo za kubembelezea watoto. Naomba uniimbie zile za Kigogo ulizomwimbia Lameck." Mama akakunjua uso. Akasema tangu azeeke hakuna mtu aliyemwomba aimbe. Akaimba mpaka ugali ukapoa. Sasa anashinda uani akifinyanga vijumba vya udongo na mjukuu wake, na nikimuuliza atarudi lini Kongwa, ananiambia niulize kwa sauti ya upole.

3. Mafundi wangu nao wameambukizwa. Kabla ya kuwasha msumeno wanakaa duara, kila mmoja aseme ameamkaje. Juzi Mbwana, fundi wangu mkongwe, alisema nikimfokea wakati anakata mbao, mkono unamtetemeka. Miaka yote nilidhani ni uzembe. Tangu hapo sijamfokea, na ni kweli hajaharibu hata ubao mmoja. Lakini, Ndugu Mkuu, karakana ambayo bosi wake hapigi kelele, watu watajuaje kwamba ina bosi?

4. Hili naliandika kwa aibu. Jana mgongo ulinibana nikiwa nimeinamia randa. Brightness akaniletea maji kwenye kikombe chake, akakaa karibu yangu, akasema, "Baba, mimi nipo hapa." Sikuwa nimemwita. Machozi yakanitoka mbele ya watu waliokuja kuchukua milango yao. Chuo kinachomliza seremala hadharani, kwa kumtumia mtoto wake mwenyewe, kinapaswa kuchunguzwa.

Kwa hiyo naomba mmfute Restuta kozini mara moja, mnirudishie yule wa zamani, ambaye tuligombana naye vizuri kama watu wengine. Mkishindwa, fungeni kozi nzima kabla haijafika mitaa mingine.

Wasalimie wakufunzi wote, wapishi na mlinzi wa getini. Mama anawasalimu. Mafundi wanawasalimu, tena kwa furaha inayonitia mashaka.

Wenu mwenye kinyongo,
Lameck

N.B. Ni Restuta aliyenishauri kwamba nikiwa na hasira niziandike zote kwenye karatasi, nisifiche hata moja. Nimeandika. Nimezitafuta tena sasa hivi, sizioni. Tafadhali msimfute. Jumamosi nitamleta mwenyewe kwa pikipiki, na kama mna darasa la waume, nitakaa nyuma kabisa, sitasumbua.