Moto Unaoonekana Barabarani

Alhamisi, 31 Oktoba

Amepita. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano, gari la kijivu la Gudveig, dada yake, na Ragnhild kiti cha pembeni na kofia yake ya sufu. Wanaenda mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa dirishani tangu saa kumi na moja na nusu, kwa bahati tu. Nimemwagilia ua lile lile mara tatu. Mke wangu, ndoa ya miaka thelathini na minne, hakugeuza hata shingo.

Ila kwa Steinar aligeuka! Nyumba ya pili tu kutoka hapa! Niliiona kofia ikigeuka kwa macho yangu. Nikavaa viatu nikatoka kuangalia kwa Steinar kuna nini. Kuna moto. Meko yake ya kuotea moto inawaka sebuleni, dirisha halina pazia kama madirisha yote ya mtaa huu, na yeyote anayepita barabarani anauona. Basi. Nimeelewa kila kitu.

Ragnhild aliondoka Agosti. Alirudi kutoka safari ya kwaya akakuta nimelibadilisha jiko lote. Makabati ya kijani ya marehemu mama yake nimeyang'oa, nimeweka meupe, laini, yasiyo na vishikio, kama ya kwenye majarida. Wiki mbili nilifanya kazi kama punda. Alisimama mlangoni na begi lake, akauliza hili ni jiko la nani. Kesho yake akaenda kwa Gudveig. Muda wote huu nilikuwa najiuliza kosa langu nini. Leo nimelijua. Nyeupe ni rangi ya baridi. Nyumba ilitaka moto.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimekwenda mjini kuchagua meko. Loo! Kumbe ni elimu nzima. Ziko za chuma cheusi zenye miguu mifupi, ziko za mawe, kuna moja duara inayoning'inia darini kama chungu. Mama muuzaji, mtu wa miwani na maswali mengi, aliniuliza sebule yangu ina ukubwa gani. Nikamwambia mita ishirini na mbili za mraba, kuta nyeupe, sakafu ya mbao nyepesi, ngozi moja ya kondoo kitini, basi. Akanipeleka kwenye kimeko kidogo cheusi. Akasema kinatosha na kitapendeza.

Kidogo! Nani atakiona kidogo akiwa ndani ya gari? Nikaonyesha ile nyeupe ndefu yenye vioo pande tatu. Akasema, "Baba, hiyo kwa chumba chako itawakaanga." Nikamwambia mimi na mke wangu tunapenda joto. Akauliza mama mwenyewe anaonaje. Nikasema ni sapraizi. Akavua miwani, akanitazama, akaivaa tena, akaandika oda.

Jumatatu, 4 Novemba

Leo ni kazi ya kuchagua mahali. Bomba la moshi limepita katikati ya nyumba, kwa hiyo meko inaweza kukaa pande mbili tu. Upande wa sofa, ambako hakuna kitu cha kuhamisha. Au upande wa dirisha kubwa, ambako umekaa mtambo wa kufumia wa Ragnhild.

Nilifanya utafiti. Niliweka taa nyekundu juu ya stuli upande wa sofa, nikatoka barabarani, nikachuchumaa mpaka kimo cha mtu aliyekaa garini. Haionekani. Nikahamishia dirishani. Inaonekana vizuri mno! Steinar alikuwa anapita na mbwa wake. Akauliza kama nimeangusha kitu. Nikamwambia napima. Akasema, "Haya bwana, pima," akaenda zake huku anatingisha mabega.

Basi mtambo umetoka. Vipande arobaini na kimoja, kila kimoja nimekipa namba kwa penseli, nimevipanga bandani. Hakuna fundi angefanya vizuri kuliko mimi. Kulikuwa na kitambaa juu yake ambacho hakijaisha, cha buluu na kijivu, kama mita moja hivi. Hakitoki bila kukatwa. Nikakaa nacho kidogo. Kinanuka yeye, sufu na sabuni ile ya majani. Jioni za miaka yote hiyo nilikuwa nasoma gazeti huku ule mtambo ukigonga tak, tak, tak, na nikilalamika kelele. Sasa nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji.

Nikakata. Ni nyuzi tu. Atafunga nyingine.

Jumanne, 12 Novemba

Imefungwa! Mafundi wawili, siku nzima, buti wameziacha mlangoni, wamekunywa kahawa birika tatu. Meko imesimama mbele ya dirisha, nyeupe, ndefu, inang'aa. Nimekaa sakafuni nikaitazama. Nimeona aibu kidogo, lakini machozi yalinilengalenga.

Mchana akaja Jorunn, mkaguzi wa mabomba ya moshi wa manispaa, mwanamke mrefu mwenye masizi kwenye pua. Akapima, akagonga, akachungulia na tochi, akatia saini. Kisha akaanza hotuba. Niwashe moto mdogo mara mbili tatu kwanza, na madirisha yote wazi, maana rangi mpya ikiungua mara ya kwanza inanuka vibaya. Nisialike mtu kabla ya hapo. Na kuni ziwe kavu. Nikaitikia kila kitu.

Lakini moto wa kwanza nitauwasha vipi peke yangu? Moto wa kwanza ni wa Ragnhild. Nimeapa. Haitaingia njiti ya kiberiti mle ndani kabla hajakaa mbele yake.

Alhamisi, 14 Novemba

Tatizo. Leo ni siku ya kwaya, gari litapita, na meko haina moto kwa sababu ya kiapo changu. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikachukua feni ndogo ya bafuni, taa nyekundu, na leso mbili za rangi ya chungwa nikazichana utepe utepe. Nikaziweka ndani, nikawasha feni. Mungu wangu! Miali! Nilitoka barabarani kuhakikisha na hata mimi mwenyewe nilitaka kuota moto.

Saa kumi na mbili kasoro nikajificha nyuma ya mlango wa jikoni. Gari likaja. Likapunguza mwendo. LIKASIMAMA! Dakika nzima limesimama mbele ya nyumba yangu, na kofia ya sufu imegeukia dirisha langu, si la Steinar, langu!

Sijamaliza kula, simu ikaita mlio wa ujumbe. Ni yeye. Atapita Jumapili saa saba mchana, kuna kitu anataka kukiona kwa macho yake. Nimeusoma ujumbe huo mara kumi na nne. Kwa macho yake! Nimebadilisha shuka.

Jumamosi, 16 Novemba

Kuni! Nimesahau kuni! Hapa kwetu kuni zinapasuliwa mwezi wa Machi na kukaushwa kiangazi chote, na mwanamume asiye na kuni Novemba ni heri aonekane bila suruali. Kununua za mfuko kwenye kituo cha mafuta? Mtaa mzima ungejua kabla sijafika nyumbani.

Steinar ana rundo la mita kumi kando ya uzio, limenyooka kama ukuta, magome meupe yote yametazama juu. Watu wanasimama kulipiga picha. Nikawaza kwamba vipande kumi na viwili havitaonekana. Nikapita nyuma na kapu la nguo chafu. Nikachomoa za chini, kwa sababu za chini ndizo kavu zaidi. Hilo lilikuwa wazo zuri mpaka kipande cha tano.

Mita tatu za rundo zilinishukia. Nilipojitoa, Steinar alikuwa amesimama na kikombe cha kahawa. Hakupandisha hata sauti, na ndicho kilichoniuma. Akasema, "Oddvar, jirani yangu, si ungebisha hodi tu? Ungeniomba ningekupa." Nikapanga rundo lote upya, magome juu, yeye amekaa kwenye ngazi ananisahihisha. "Hapana, mzee, geuza hicho. Na hicho. Wewe ulikulia wapi?" Tulipomaliza alinijazia kuni sleji nzima, kile kigari cha kuburuta juu ya theluji, na hakutaka asante.

Nikamwambia Ragnhild anakuja kesho. Akauliza anakuja kufanya nini. Nikasema kuiona meko. Akauliza kama amesema hivyo mwenyewe. Nikamwambia mimi namjua mke wangu. Akatazama kikombe chake.

Jumapili, 17 Novemba

Niandike upesi kabla sijaanza kujidanganya.

Nje ilikuwa baridi ya kugandisha ndoo, nyuzi kumi na sita chini ya sifuri. Nilikuwa nimeoka mikate midogo ya iliki, ikaungua chini, nikaigeuza. Alifika saa saba kamili, akavua viatu mlangoni na kubaki na soksi zake za kijivu. Amekonda. Nilitaka kumwambia nimekukumbuka mpaka naongea na friji. Badala yake nikasema, "Kaa hapo, usiseme kitu, subiri!" Nikawasha.

Nilijaza kuni mpaka juu, nikitaka auone vizuri. Dakika tano ulikuwa moto mzuri kuliko wowote niliouona. Dakika ya sita rangi ikaanza kuungua. Jorunn alisema inanuka vibaya, hakusema inanuka kama gari linaloteketea! Moshi wa buluu ukatoka mwilini mwa meko yenyewe, king'ora cha darini kikaanza kulia, nikapanda kwenye kiti kukipiga na ufagio, Ragnhild akafungua madirisha yote na mlango. Tukavaa tena makoti. Tumekaa mbele ya meko kubwa kuliko zote mtaani, tumevaa kofia na glavu, pumzi zinatoka mvuke, kahawa imepoa kabla ya kufika mdomoni.

Akacheka! Kweli, alicheka. Nilidhani nimeshinda.

Kisha akauliza mtambo wake uko wapi. Nikamweleza kwa fahari kwamba uko bandani, salama, vipande arobaini na kimoja vyenye namba. Akauliza na kitambaa je. Nikakileta. Alikigeuza polepole, akapitisha kidole pale nilipokata, huku na huku. Akasema ilikuwa blanketi ya kitanda chetu. Alikuwa ameianza Juni.

Halafu akaniambia yaliyobaki, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Kwamba kila Alhamisi alipokuwa akipita hakugeuka kwa sababu aliogopa atalia. Kwamba Alhamisi iliyopita aligeuka kwa sababu alikuwa ameshaamua kurudi, alitaka tu kuuona mtambo pale dirishani mahali pake, na hakuuona. Moto hata hakuutambua. Alidhani nimetundika nguo. Ndipo akamwambia Gudveig asimamishe.

Nikasema nilifanya yote kwa ajili yake. Akasema anajua. Akasema, "Tangu tumeoana, Oddvar, hujawahi hata siku moja kuniuliza ninataka nini. Unakimbia kuniletea, na ukifika, mimi sipo tena mahali nilipokuwa." Akakunja kitambaa, akakitia kwenye mfuko wa koti. Mlangoni alinishika shavu, glavu ikiwa mkononi. Akaondoka kwa miguu mpaka kona, ambako Gudveig alikuwa anamsubiri.

Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Namtaka arudi, namtaka aje kugonga ule mtambo wake tak, tak usiku kucha akipenda, sitasema neno tena.

Jumanne, 19 Novemba

Harufu imeisha na meko inawaka vizuri ajabu. Mama wa miwani alisema kweli kuhusu ukubwa. Sebuleni kuna nyuzi thelathini na tatu, nimekaa na fulana na chupi, nje theluji inaanguka. Joto lote hili na hakuna wa kuliota. Jana nilikuta unywele wake mrefu kwenye ngozi ya kondoo. Sijauondoa.

Steinar alikuja, akavua sweta mlangoni, akavua na shati. Nilimsimulia yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasukuma simu yangu mezani ikanifikia, akasema, "Mpigie. Muulize anataka nini. Halafu nyamaza, umsikilize. Ni hivyo tu, ndugu yangu." Rafiki mzuri, yule. Aliposhika njia nikaishika simu kweli. Nikalitafuta jina lake. Kidole changu kilikuwa kimeshafika.

Ndipo akili ikanijia. Yeye amesema mwenyewe kinachomuuma: mtambo hauna mahali. Basi nitampa mahali! Si pembe ya sebule, chumba kizima cha kufumia, juu, chumba chetu cha kulala. Ukuta wa magharibi ukivunjwa litaingia dirisha la mita tatu linalotazama barabara. Kabati lake la nguo itabidi litoke, na kile kitanda cha babu yake pia, hakitaenea hapo. Mtambo wa zamani umechakaa, nimeagiza mpya kutoka Uswidi, mweupe, mkubwa mara mbili. Fundi nimeshampigia kwa simu hiyo hiyo. Anaanza Alhamisi saa mbili asubuhi, ili jioni gari likipita walau shimo lionekane.

Ragnhild simuulizi kwa sasa. Nikimuuliza atajua.