Taa ya Sola na Pasi ya Jirani

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Tumepata wageni. Wanafunzi wa chuo, wamejitolea kupita nyumba kwa nyumba kufundisha watu kutunza umeme. Vijana wenye adabu! Kiongozi wao, binti wa miwani, alikaa juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa kana kwamba ni sofa, akaniita baba. Nilikuwa nimebeba zege kutwa, mgongo unalia. Neno hilo lilinikanda kuliko dawa ya kuchua.

Walisoma mita ndogo za vyumba vyote ukutani. Wakaeleza mengi: usichemshe sufuria nzima kwa chai ya kikombe kimoja, nguo zipigwe pasi zote kwa mkupuo, maharage yamalizie kuiva kwenye kapu lenye matambara. Kisha wakatangaza shindano na kuinua zawadi juu. Taa ya sola, inachaji na simu! Baada ya hapo sikusikia kitu. Masikio yote yalihamia machoni.

Mke wangu yuko kijijini, hakuna umeme. Simu yake huchajiwa siku ya gulio tu, kesho yake imezima. Mwanetu wa mwisho ameanza kusema, nami baba yake sijasikia hata neno. Taa hiyo ni yangu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeanza kubana. Taa sijawasha. Hita ya maji nimeificha chini ya kitanda isije ikanishawishi. Nimeoga maji baridi mpaka meno yakapiga makofi.

Mpinzani ninaye mmoja tu, dada fundi cherehani wa chumba cha pili. Wengine wana mafriji na televisheni, hao wamejimaliza wenyewe. Yeye cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Umeme wake wote ni balbu na pasi.

Pasi! Nimepata wazo.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimewaambia vibarua wenzangu kwamba mwenye jengo tunalojenga anakuja kesho, kwa hiyo kila mtu awe nadhifu. Mwenye jengo simjui hata sura. Wakanipa maovaroli yao, na mashati ya ziada, na mmoja akatoa mpaka kofia. Nikamshushia fundi furushi kubwa kuliko yeye.

Fundi akasema kaka, Mungu akuzidishie, biashara ilikuwa imelala usingizi wa pono. Akapiga pasi huku anaimba. Mita yake ikazunguka kama feni. Akaniombea maisha marefu, nikaitikia amina kwa moyo wote.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Tumefika kazini tumenyooka kama maharusi. Msimamizi akatutazama, akavua kofia, akauliza nani amekufa.

Kabla ya saa nne zege lilikuwa limeturudisha tulivyokuwa. Mwenye jengo hakuja. Nikasema ameghairi. Wenzangu walinitazama vibaya kidogo, halafu wakasema potelea mbali, angalau asubuhi moja wamejiona watu. Wakaapa kwenda kwa fundi kila mwisho wa mwezi. Nashukuru kufanya kazi na watu wasioweka kinyongo.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Leo zamu ya kapu. Nilitia maharage na maji sufuriani, nikaifunga kwa blanketi na koti langu ndani ya kapu, nikaenda kazini. Mchana kutwa nawasimulia wenzangu chakula kinachojipika chenyewe.

Jioni nikafungua. Maharage yamelowa tu, magumu kama kokoto! Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza moto niliuweka wapi. Kapu halina moto wake, kaka, linatunza ule uliouingiza! Kumbe yachemke kwanza. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hili hata wa darasa la pili angeliuliza.

Akanipakulia maharage yake sahani nzima. Nimekula chakula cha adui. Kitamu! Nimelamba na kijiko.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Balaa. Wanafunzi wamerudi kusoma mita. Binti wa miwani alisoma yangu, akaigonga kwa kidole, akauliza kama nilisafiri. Nikajibu kwa kifua mbele kwamba nimebana. Akavua miwani kama daktari mwenye majibu mabaya.

Akasema baba, wiki ya kwanza tuliomba muishi kama kawaida. Ilikuwa ya kupima. Wiki hii ndiyo ya kubana, na mshindi ni atakayepunguza zaidi kuliko alivyotumia mwanzo. Nikamuuliza mimi nitapunguza nini. Akaitazama mita, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba chini ya hapo ni udongo.

Na fundi je? Wiki iliyopita ametumia umeme kuliko siku zake zote. Nimempandisha ghorofani kwa mikono yangu, sasa kazi yake ni kuteremka ngazi.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Nimewabembeleza wenzangu watoe tena maovaroli. Wakauliza mwenye jengo ameghairi kughairi? Hawakutoa hata soksi.

Nikampelekea fundi shuka langu, pazia na taulo. Akashukuru, akavikunja, akaviweka pembeni. Atangoja nguo zijae apige zote kwa mkupuo, ndivyo wanafunzi walivyofundisha. Kumbe alikuwa anasikiliza!

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Fundi ameshinda. Nilipiga makofi kama wengine, nikaingia ndani, nikakaa kitandani na viatu vyangu. Nilimfikiria mwanangu.

Mlango ukagongwa. Fundi, na taa kwapani. Akasema shika, mpelekee wifi yangu. Mimi nina balbu, yeye ana giza. Nikakataa kidogo, kwa heshima. Akanikatiza: usidhani sijui, kaka, yale maovaroli hukuyaleta kwa mapenzi, mtu hatabasamu vile akitazama mita ya jirani. Lakini wateja wamebaki. Chukua kabla sijabadili nia!

Nikaichukua kwa mikono miwili. Nimemfagilia korido yote mpaka mlangoni kwake.

Jumapili, tarehe 24 Machi

Mwashi wa kazini anayetoka kijijini kwetu alikwenda likizo na taa, na leo simu imeita. Mke wangu! Kisha akampa mtoto. Pumzi tu. Halafu kasauti kakauliza: "Wewe nani?"

Nikasema baba. Kakauliza tena, nikasema tena. Sijui tulirudia mara ngapi. Nililia kama aliyekatiwa kitunguu puani. Mungu awalinde wale wanafunzi, na fundi, na jua lenyewe.

Mke wangu akataka kujua niliipataje. Nikamwambia ushindani ulikuwa mkali.

Jumatatu, tarehe 25 Machi

Wanafunzi wamerudi na shindano jipya. Zawadi ni redio ya sola! Safari hii nimesikiliza kwa masikio yote mawili. Wiki ya kwanza ni ya kupima, tuishi kama kawaida.

Basi. Balbu inawaka jua likiwa utosini. Hita inachemsha ndoo ya maji ya kuogea mtu ambaye hayupo. Nimeazima jiko la umeme, na feni, na feni nyingine ya kupoza jiko.

Fundi amechungulia, jasho likamtoka mlangoni, akauliza kaka umepatwa na nini.

Nikamwambia atulie, nimeanza kubana umeme.