Meneja Apelekwa Kikazi

Jumatatu, 3 Machi

Kazi hakuna. Mtaa mzima unakalia makochi mabovu na hakuna anayeona haya. Leo nimepita kwa fundi viatu, nikakaribishwa kwenye kochi lililonimeza mpaka magoti yakagusa kidevu. Nikamwambia kwa upole kwamba springi zake zimekufa. Akasema bado lina maisha. Watu wa namna hii ndio wanaotumaliza sisi mafundi makochi.

Ng'ambo ya barabara, kwa Sponji, wateja wanapishana mlangoni. Sponji si jina lake. Tunamwita hivyo kwa sababu ni fundi makochi kama mimi, na amefura kama bidhaa yake. Amefura zaidi tangu aweke kioo kikubwa mbele ya duka. Mimi sina kioo. Nina mlango, nao unakwama.

Alasiri, balaa! Meneja kachana ubavu wa kiti cha wakili, kiti nilichokimaliza jana. Meneja ni paka wangu. Nilimpa cheo hicho kwa sababu hulala kutwa kwenye kochi zuri kuliko yote karakanani na kuangalia wengine wakifanya kazi. Dada yangu, ambaye tunaishi pamoja na ambaye hajanisifu tangu nizaliwe, alitokea jikoni na mwiko mkononi. Akasema kazi zote ninazofanya siku hizi ni za kuziba alipochana paka. Akasema paka huyo analeta kazi nyingi kuliko mteja yeyote. Akarudi jikoni.

Nikabaki nimesimama na mkasi. Paka analeta kazi! Dada hajui alichosema. Mimi ninajua.

Jumanne, 4 Machi

Nimelala nikipanga, nimeamka nikicheka peke yangu. Mpango ni huu: Meneja akichana kwangu, hasara. Akichana kwa mtu mwingine, mteja! Kinachotakiwa ni kumwazimisha.

Wa kwanza ni Mwalimu, yule mama mstaafu wa nyumba ya mwisho. Ana seti ya makochi ya mahameli ya kijani, waliyonunua yeye na marehemu mumewe, na hayana hata mkwaruzo. Inaniuma kila nikiyaona. Juzi alimlalamikia Dada kwamba anasikia panya darini. Basi nimemtia Meneja kwenye kikapu, nikaenda, nikaamkia, nikasema jirani ni jirani, nimekuletea mtaalamu. Mwalimu alishika mikono yangu yote miwili akaniita mwanangu. Nikaona vibaya kidogo, ikapita.

Meneja hakuniaga. Aliruka moja kwa moja juu ya lile kochi refu, akajinyoosha, akatoa makucha yote. Nikamkonyeza. Akafumba macho.

Dada ameniuliza tangu lini ninajali panya wa watu. Nimemwambia yeye hana moyo wa huruma.

Jumatano, 5 Machi

Kifua kizito. Sijui kwa nini. Asubuhi nilitaka kukaa kwenye kochi la Meneja, nikaruka nisije nikamkalia. Hayupo. Nikasahau tena, nikaruka tena. Nimeshona foronya ya mto ndani nje, nikaitia sponji, nikaisifia, ndipo nikaona. Nimemwambia Dada itakuwa gundi hii mpya, harufu yake inapanda kichwani. Dada amesema gundi ni ileile.

Kwa Mwalimu kimya. Hajanituma mtu. Labda anaona haya kusema kochi limechanika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kukagua. Kochi zima! Nimezunguka mbele, nimezunguka nyuma, nimejifanya ninasifia upindo. Hata uzi mmoja haujatoka. Meneja alikuwa mapajani kwa Mwalimu, kashiba samaki wa kuchemsha, anasomewa gazeti. Ndiyo, gazeti. Mwalimu anamsomea kwa sauti, na akifika kwenye habari za uchumi anasimama kumuuliza maoni.

Tena hamwiti Meneja. Anamwita Mheshimiwa. Huo umeneja nilimpa mimi baada ya miaka ya kumfahamu, yeye kampandisha cheo ndani ya wiki! Nikamwita kwa jina lake la kazi. Akanitazama kama ninavyotazamwa mimi nikienda kudai, kisha akageuza kichwa upande wa gazeti.

Nimerudi kwa njia ya mbali. Nilikuwa na hasira, lakini si hasira hasa. Ilikuwa chini ya hasira, mahali fulani karibu na tumbo. Labda ni samaki. Ila samaki sikula mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Zahanati. Muuguzi aliniuliza kifua kimeanza lini. Nikasema Jumanne. Akauliza nini kilitokea Jumanne. Nikasema hakuna, siku ya kawaida, nilimwazimisha jirani paka. Akaweka kalamu mezani. Akataka kujua paka mwenyewe yukoje. Nikamweleza kwa ufupi tu: rangi yake, sikio lililopasuka, anavyonisubiri mlangoni huku kajifanya hanisubiri, anavyokanyaga futi yangu ya kupimia makusudi nisiendelee na kazi. Watu kwenye benchi wakaanza kuguna kwamba wengine wana homa.

Muuguzi alisema dawa ninayo mwenyewe, nikamchukue paka wangu. Nimetoka nimeduwaa. Mtu unaenda kutibiwa kifua, unaambiwa habari za paka! Ndizo huduma za siku hizi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimegundua tatizo. Meneja hakuelewa kazi aliyotumwa. Kosa langu, sikumpa maelekezo. Paka ni wa kuonyeshwa kwa vitendo.

Nimekwenda kwa Mwalimu, nikamsubiri aingie jikoni kuchemsha chai. Nikapiga magoti nyuma ya kochi, nikamwita Meneja aje aone. Alikuja, akakaa, akazungusha mkia miguuni, akatulia kabisa kama mtu aliyelipa kiingilio. Nikaanza. Hivi, mkono wa kulia. Hivi, wa kushoto. Chana! Nikatoa na sauti kidogo, ili aelewe kwamba hili ni jambo la kipaka.

Nilipogeuka, Mwalimu alikuwa amesimama na sinia.

Nikasema ninatafuta sindano. Akauliza kama sindano huitwa kwa kulia nyau. Akaweka sinia chini taratibu, akanipa chai yenye sukari nyingi, kama wanavyopewa watu waliopata ajali, akaniambia nipumzike, mwanangu, kazi ya gundi si nzuri kwa kichwa. Meneja alikuwa amelala tayari. Kwenye viatu vyangu, lakini. Nilikaa nusu saa bila kusogeza miguu, na sielewi kwa nini nilifurahi hivyo wakati mpango umeharibika.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nimesimama mlangoni.

Asubuhi mkokoteni umepita mbele ya mlango wangu. Juu yake kochi la kijani la Mwalimu. Juu ya kochi, Meneja, kaketi wima, anaangalia mtaa kushoto na kulia. Mkokoteni haukusimama kwangu. Umekwenda kwa Sponji!

Nimekimbia kwa Mwalimu na kandambili moja. Akanieleza bila hata kuona aibu: mahameli yanateleza, Mheshimiwa akilala vibaya anaporomoka, kwa hiyo ameamua kochi livikwe kitambaa kisichoteleza, apate pa kujishikiza. Kazi ingekuwa yangu, alisema. Lakini baada ya aliyoyaona Jumatatu alinionea huruma, akaona si vizuri kunitwisha mzigo nami ninaumwa. Na Mheshimiwa alikataa kushuka, basi wakalibeba pamoja naye.

Yaani mpango wangu umefanikiwa. Paka ameleta kazi! Kaipeleka kwa Sponji.

Alhamisi, 13 Machi

Kioo cha Sponji kimepata kazi ya maana. Meneja analala hapo ndani juani, na kila anayepita anasimama. Wakishasimama wanaingia. Wakishaingia wanaagiza. Fundi viatu pia nimemwona akiingia, yule wa kochi lenye maisha!

Nami nilisimama pale nje. Nikagonga kioo kwa ukucha. Meneja alifungua jicho moja. Sponji akatoka akiwa na tabasamu lililojaa uso, akasema wateja wanampenda mno mnyama huyu, na kwamba Ijumaa kochi likiisha atamwomba Mwalimu amwachie moja kwa moja. Akauliza kama nina neno. Nikasema neno la nini, paka ni paka tu. Nikavuka barabara, nikaingia kwangu, mlango ukakwama, nikaupiga teke.

Dada aliniambia, wewe mdogo wangu, nenda kachukue paka wako kabla mambo hayajawa mambo. Nikamwambia niko kazini. Sikuwa na kazi. Nilikuwa ninang'oa misumari niliyoipigilia asubuhi.

Humu hasomi mtu, kwa hiyo nasema: ninaogopa. Nikiamka nyumba ni kimya na mimi ndiye niliyeifanya iwe kimya. Nimemtoa kwa mikono yangu, kwenye kikapu, nikicheka. Akibaki kwa Sponji nitakuwa ninamwona kila siku kupitia kioo, naye atakuwa anafungua jicho moja. Sijui mtu hufanya nini katika hali hiyo. Sijui hata kwenda kwa watu kumwomba paka wangu mwenyewe huanzia neno gani.

Ijumaa, 14 Machi

Niliandaa hotuba. Nitasema paka ana chanjo. La, nitasema ni wa Dada. La, nitasema ana ugonjwa unaoambukiza mafundi. Nikavuka barabara nikiwa bado sijachagua.

Kufika, makelele! Sponji yuko juu ya stuli na ufagio. Kochi la Mwalimu, lililovikwa jana kitambaa kipya, linaning'inia nyuzi pande zote. Kiti cha pembeni, vilevile. Mito ya mteja mwingine, sponji imetapakaa sakafuni hadi mlangoni. Meneja amefanya usiku kucha, peke yake, bila kuelekezwa! Mwalimu alikuwa amesimama katikati, mkono mdomoni. Sponji akamwuliza ni mnyama gani huyu. Mwalimu akajibu kwamba kwake hakugusa hata uzi.

Kisha Meneja akaniona. Akaja polepole, bila haraka yoyote, akapanda mguu wangu, akapanda tumbo, akapanda kifua, kwa makucha yote aliyonayo, akakaa begani. Nilipiga ukelele. Nilidhani ni maumivu.

Mwalimu akaniuliza kama kwangu huwa anachana. Nikasema kila ninachomaliza. Akauliza kama hapa kunanuka kama kwangu. Nikanusa. Gundi ileile, sponji ileile, kitambaa kibichi. Akasema basi maskini alikuwa anakutafuta, labda alidhani umo ndani. Sponji, kutoka juu ya stuli, alisema hajawahi kusikia upuuzi kama huo. Mwalimu akanigeukia, akaniuliza kama waulizavyo walimu, bila pa kukimbilia, kama ninamtaka paka wangu au simtaki.

Chanjo, Dada, ugonjwa, vyote viliniruka. Nikasema ninamtaka. Sauti yenyewe sikuitambua.

Akamkuna Meneja sikio lililopasuka, akasema mchukue, mwanangu, ila Jumapili mje wote mnione. Na kochi lipelekwe kwangu, amesema, nilishone nikiwa na nafasi. Kisha akatoa leso, akasema vumbi la sponji ni baya kwa macho. Kweli, ni baya. Hata mimi lilinipata, nyumbani, muda mrefu baadaye.

Jumapili, 16 Machi

Siku njema. Tumekwenda kwa Mwalimu, tumesomewa gazeti, tumerudi. Meneja kachana kiti cha wakili upande wa pili na sikumfokea, nimemshikia taa. Dada anasema natumaini umejifunza.

Nimejifunza sana. Nimekaa nimetafakari jambo hili kuanzia mwanzo, na sasa naliona wazi. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa ni mnyama. Paka ana makucha lakini hana msimamo, anachana kwa hisia. Kazi hii ilitaka mbwa! Mbwa anatafuna popote, hachagui harufu, hachagui mtu. Na yule mama mwenye saluni ya kona kaweka viti vipya vya wateja, vinene, vya ngozi, na ameniambia kwa mdomo wake kwamba anahitaji mlinzi.

Nimepata mtoto wa mbwa kwa muuza mkaa. Meno yake yanachoma kama pini. Nimemwonya mapema kwamba hii ni biashara, tusizoeane. Meneja amemnusa, amempiga kofi moja, kisha amelala karibu naye. Nimempa jina, la muda tu, kwa ajili ya kumbukumbu: Mhasibu. Anatetemeka kwa baridi, kwa hiyo nimemtia ndani ya shati wakati ninaandika haya, na ameshaanza kukoroma.

Nampeleka saluni kesho asubuhi. Au keshokutwa. Kesho naona kama itanyesha.