Baridi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Kiyoyozi cha gari kinatoa hewa ya moto. Nimeweka kipimajoto cha homa cha watoto kwenye tundu la hewa. Nyuzi thelathini na tisa na nusu. Angekuwa mtoto, tungeshafika hospitali.

Tatizo ni Jumamosi. Mama mkwe anaruhusiwa kutoka baada ya upasuaji wa jicho. Daktari ameagiza vioo vifungwe safari nzima, vumbi na upepo visimguse. Mwendo wa saa mbili. Miaka tisa sasa, hajawahi kukanyaga ndani ya gari langu. Hupanda la shemeji, mume wa dada wa mke wangu, ambaye tunamwita Meneja kwa sababu anasimamia duka la rangi lenye wafanyakazi wawili, yeye akiwa mmojawapo.

Mke wangu ametoa masharti. Ijumaa jioni ataweka mkono kwenye tundu. Kukiwa na baridi, naenda mimi. Kukiwa na joto, anaenda Meneja. Nikamkumbusha kuwa kuna kipimajoto. Akasema mkono wake umelea watoto watatu.

Jumanne, 5 Machi
Hatua ya kwanza: gesi. Nimenunua makopo mawili. Maelekezo yanataka geji ya kupimia gesi. Sina geji, nina masikio. Nilijaza kopo la kwanza nikasikiliza. Nikajaza na la pili, maana lilikuwa limeshanunuliwa.

Kisha nikakaa garini, macho nimefumba. Niliona ukungu ukishuka taratibu juu ya dashibodi. Barabara ilikuwa nyeupe, haina mwisho. Nyuma yangu mama mkwe amejitanda shuka hadi kidevuni, ananiomba, mwanangu, punguza kidogo. Nilizinduka shati limenigandia mgongoni. Nyuzi arobaini.

Alhamisi, 7 Machi
Hatua ya pili: povu la sabuni kwenye mipira yote, kutafuta panapovuja. Hapavuji popote. Mapovu yalikuwa mazuri, kila moja na dirisha lake dogo ndani. Nimeyatazama muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Meneja alipita eti kusalimia. Alishuka garini amevaa sweta. Saa saba mchana, sweta! Akauliza kama siku hizi magari yanaogeshwa tumboni. Nikamjibu kuwa huu ni uchunguzi. Akasema basi, mgonjwa apate nafuu, akarudi kwenye baridi yake.

Ijumaa, 8 Machi
Nimesalimu amri, nimempelekea fundi gari. Aliunganisha geji yake. Akauliza nani ameweka gesi. Nikasema ni bwana mmoja. Akasema bwana huyo asiruhusiwe hata kupuliza puto. Gesi imezidi mno, mtambo unajizima wenyewe. Na gesi haikuwa ugonjwa tangu mwanzo. Feni ya mbele haizunguki, mota imekufa. Mota nyingine itapatikana Jumatatu.

Mkono wa mke wangu ulikaa kwenye tundu kwa sekunde tatu. Akampigia Meneja palepale: Mama anatoka saa mbili asubuhi.

Baadaye nami nilimpigia Meneja, kwa upole, kumjulisha kuwa hospitali imesogeza hadi saa nane mchana.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetoka alfajiri. Nimemwambia mke wangu naenda kwa fundi. Nimepitia kwa wauza samaki, nimechukua barafu beseni zima, nikaliweka kiti cha mbele na feni ndogo juu yake, waya kwenye tundu la kiberiti cha sigara.

Mama mkwe alikaa nyuma, jicho limefunikwa, miwani nyeusi juu. Akauliza Meneja yuko wapi. Nikasema ana kazi nyingi. Tukaondoka, vioo juu. Baridi ikaja, nyepesi, yenye chumvi. Mama akaivuta puani. Kisha akauliza, kama mtu anayeongea usingizini, kama tunapita karibu na maji. Nikasema ndiyo, mama.

Hapo akaanza kusimulia. Alipokuwa msichana, yeye na dada yake walioga mtoni asubuhi, wakishindana nani atakaa majini zaidi. Siku zote alishinda dada, naye mpaka leo anaamini dada alikuwa anasimama juu ya jiwe. Miaka tisa nimepata kwake salamu tu. Nikapunguza mwendo, mto usije ukaisha. Lori la matofali likatupita. Baiskeli ikatupita.

Barafu haikuvumilia mwendo huo. Nusu ya njia ilikuwa maji, na kwenye tuta maji yakahamia miguuni kwangu. Joto likatufungia ndani. Mama akapangusa shingo, akauliza kwa nini mto unanuka samaki. Nikaingia kituo cha mafuta kutafuta kivuli. Na nani anakuja kutoka mbele, amewahi kwa saa tatu nzima kwa sababu haniamini? Sweta lile lile.

Mama amehamia gari la Meneja. Nimewafuata nyuma, soksi zimelowa.

Jumanne, 12 Machi
Fundi amefunga mota mpya na kupunguza gesi. Hewa ni barafu tupu. Mkono wa mke wangu ulikaa ndani dakika nzima. Kisha ukaja kugusa shavu langu. Amenuna bado, lakini si sana. Amesema Mama anafanyiwa jicho la pili Jumamosi ijayo. Anataka nimpeleke mimi. Eti kwa Meneja kuna baridi lakini hakuna mazungumzo, na yeye hajamaliza habari ya dada yake. Sharti moja tu: gari libaki hivi hivi lilivyo.

Alhamisi, 14 Machi
Baridi safi. Nimekaa ndani saa nzima, macho nimefumba, theluji inaanguka polepole kwenye usukani.

Ila feni ya mbele ina sauti. Si kubwa, kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Huenda fundi hakutia mafuta ya kutosha. Mama anaweza kusumbuka nayo wakati anasimulia. Nimehesabu: imeshikwa na skrubu nne tu. Sina haja ya kumsumbua fundi.